Kichaka cha Maua Kinapogoma Baada ya Kuhamishwa: Dalili, Chanzo na Tiba

Kichaka cha maua kinapong'olewa na kupelekwa mahali pengine, sehemu kubwa ya mizizi yake hubaki katika shimo la zamani. Mizizi minene inayoonekana wakati wa kuchimba kazi yake hasa ni kuushikilia mmea na kusafirisha maji. Inayonyonya maji ni ile myembamba sana, ambayo kwa sehemu kubwa imetawanyika katika sentimita 30 za juu za udongo na mara nyingi huenea mbali kupita ncha za matawi. Kwa hiyo hata mchimbaji mwangalifu huondoka na mmea wenye majani yaleyale ya jana, lakini wenye mizizi michache mno ya kuyahudumia. Karibu kila tatizo linaloelezwa hapa linaanzia katika pengo hilo. Jani huonyesha dalili, ilhali chanzo kiko chini, na anayekimbilia ndoo ya maji au mfuko wa mbolea kabla ya kufukua kidogo na kutazama huenda akaponya, na huenda vilevile akaua.

Kabla ya kutibu chochote

Vipimo vitatu vinatosha kwa matatizo mengi. Cha kwanza ni kuchomeka kidole au kijiti kikavu hadi kina cha sentimita 10 au 15 katika sehemu mbili tofauti, yaani ndani ya bonge la udongo lililokuja na mmea, karibu na shina, na kisha nje ya bonge, katika udongo uliotumika kujazia shimo. Sehemu hizo mbili zinaweza kutofautiana kabisa, na watu wengi hupima ile ya nje tu. Cha pili ni kukwangua gome la tawi kwa ukucha: tabaka la chini likiwa la kijani na lenye unyevu, tawi liko hai hata kama halina jani hata moja, likiwa la kahawia na kavu, limekufa. Cha tatu ni kufukua taratibu kwa vidole kuzunguka shingo ya mmea, mahali shina linapoanza kugawanyika kuwa mizizi, ili kujua kama shingo hiyo iko usawa wa ardhi au imefukiwa.

Majani yananyauka

Katika wiki za mwanzo, kunyauka kwa adhuhuri ambako hutoweka jua linapopungua si ugonjwa. Majani yanapoteza maji kwa kasi kuliko mizizi iliyobaki inavyoweza kuyaleta, basi yanalegea mpaka joto lishuke. Kinachohitajika hapo ni kivuli, si maji zaidi. Wavu wa kivuli au kitambaa chepesi kilichotundikwa upande wa jua la mchana bila kugusa majani, kwa wiki mbili au tatu, husaidia sana. Kunyunyizia majani maji humridhisha mwenye bustani kuliko kunavyousaidia mmea, kwa kuwa nafuu yake huisha mara tu majani yanapokauka.

Kichaka kinachokutwa kimelegea asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, ndicho chenye tatizo la kweli. Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu vyanzo viwili vinavyopingana, yaani ukavu na maji ya kupita kiasi, huyapa majani sura ileile. Mizizi isiyo na maji haiwezi kuyapeleka juu, na mizizi iliyooza kwa kukosa hewa nayo haiwezi, ingawa imezungukwa na maji pande zote. Ndiyo maana kijiti cha kupimia kinapaswa kutangulia ndoo.

Kijiti kikitoka kikavu ndani ya bonge huku udongo wa nje ukiwa na unyevu, chanzo kimepatikana. Mwanzoni mizizi yote imo ndani ya bonge, kwa hiyo bonge hukauka haraka, wakati udongo wa pembeni ambao haujafikiwa na mzizi wowote hubaki na maji yake. Maji nayo hayavuki kwa urahisi kutoka aina moja ya udongo kwenda nyingine, hasa pale mmea uliokulia kwenye chungu chenye mchanganyiko mwepesi wa mboji unapowekwa katika udongo mzito wa mfinyanzi. Tiba ni kujenga tuta dogo la mviringo juu ya ukingo wa bonge, si juu ya ukingo wa shimo, na kumimina maji taratibu katikati yake. Bonge lililokauka kabisa hukataa maji, hujikunja na kuyaacha yapite kandokando; likifikia hali hiyo, mimina kidogo, subiri yanywee, kisha mimina tena, na ikibidi litoboe sehemu kadhaa kwa fimbo nyembamba ya chuma. Kichaka cha kimo cha mita moja kinaweza kupewa lita 10 hivi kwa mara moja, lakini siku ya kumwagilia tena iamuliwe na kijiti na si na kalenda.

Kijiti kikitoka na tope, au udongo ukiwa na harufu ya uozo, acha kumwagilia mara moja. Fukua upande mmoja wa bonge na utazame mizizi midogo: iliyo hai ni migumu kiasi, myeupe au ya hudhurungi hafifu, iliyooza ni myeusi, laini, na ukiivuta ganda lake huchomoka likaacha uzi wa ndani. Kisha pima udongo wenyewe. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 karibu na hapo, lijaze maji, liache likauke, lijaze tena na uangalie usawa wa maji: ukishuka kwa chini ya sentimita 2.5 kwa saa, mahali hapo hapapitishi maji vya kutosha kwa vichaka vingi vya maua. Kumwaga kokoto chini ya shimo, kama inavyoshauriwa mara kwa mara, hakusaidii. Maji hukaa juu ya kokoto, katika udongo uleule wenye mizizi, mpaka udongo huo ushibe kabisa ndipo yashuke. Tiba ya kweli ni kuinua mmea, yaani kuutoa, kukata mizizi iliyooza kwa mkasi safi, na kuupanda upya juu ya tuta pana ambalo sehemu ya juu ya bonge itakuwa sentimita 10 au zaidi juu ya usawa wa zamani.

Chanzo cha tatu hutokea mara chache zaidi. Udongo uliojaziwa kwa pupa huacha mianya ya hewa, na mizizi inayoning'inia ndani yake hukauka. Dalili yake ni udongo kudidimia ghafla upande mmoja baada ya kumwagilia. Jazia udongo, mwagilia ili ujipange wenyewe, na usikanyage kwa kisigino, kwa maana udongo ulioshindiliwa nao hauna hewa.

Swali la kupogoa huja hapahapa. Ushauri wa siku nyingi unataka theluthi ya matawi ikatwe siku ya kuhamisha, ili majani yalingane na mizizi iliyopungua. Siupendi kama kanuni ya jumla. Majani ndiyo yanayotengeneza sukari ya kujengea mizizi mipya, na machipukizi ya ncha za matawi hutoa auksini, homoni inayoshuka hadi chini na kuichochea mizizi kuota, kwa hiyo anayekata sana huondoa msaada uleule anaoutafuta. Matawi yaliyovunjika, yaliyokufa na yanayosuguana yakatwe, na mkasi ukomee hapo. Nafasi ya kupunguza zaidi ninaiachia hali moja tu: bonge lilivunjika au lilitoka dogo mno, na kichaka kinaendelea kulegea asubuhi ingawa kimepata kivuli na maji ya kutosha.

Kingo za majani zinakauka na kuwa kahawia

Tazama kwanza ni majani gani. Yakiwa ni yale ya upande unaopigwa na jua au upepo tu, mmea umetoka mahali penye hifadhi kwenda mahali pa wazi kabla haujawa na mizizi ya kuhimili. Weka kinga, na usiyang'oe majani yaliyoungua nusu, kwa kuwa nusu iliyobaki ya kijani bado inafanya kazi. Yakiwa yameungua pande zote, na hasa ncha za majani machanga, shuku mbolea. Chumvi za mbolea ya viwandani, au samadi mbichi iliyotupwa ndani ya shimo kwa nia njema, huvuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuyaingiza. Ondoa mbolea inayoonekana juu ya udongo, kisha mwagilia maji mengi mara mbili au tatu ili kuzisukuma chumvi chini, mradi mahali hapo panapitisha maji. Mmea uliotoka kuhamishwa hauna haja ya mbolea katika msimu wake wa kwanza. Mboji iliyoiva, ikitandazwa juu, inatosha.

Majani yanageuka manjano

Umri wa jani ndio unaotoa jibu. Majani ya zamani, ya chini na ya ndani, yakipata manjano machache na kudondoka, mmea unajipunguzia mzigo na hakuna la kufanya. Manjano yakienea kila mahali huku udongo ukiwa na maji mengi, rudi kwenye habari ya mizizi iliyooza.

Majani machanga yanapokuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, tatizo ni la kemia ya udongo mpya. Azalea, gardenia, kamelia na hidranja hupenda udongo wenye asidi, na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, inapopanda kupita 7 madini ya chuma hubaki yamefungwa katika udongo bila kuyeyuka, hivyo mzizi unakaa karibu na chuma usichoweza kukinyonya. Sehemu inayosahaulika ni kando ya ukuta au njia ya saruji, ambako chokaa huchujuka polepole na kupandisha pH ya udongo ulio karibu, kiasi kwamba kichaka kilichostawi mita chache kutoka hapo kinapata manjano kikisogezwa ukutani. Chuma cha aina ya cheleti, yaani kilichotengenezwa ili kibaki katika hali ya kunyonyeka, kikipuliziwa kwenye majani au kumwagwa kwenye udongo, huleta nafuu ya muda; salfa ya unga hushusha pH lakini kwa miezi, si kwa siku. Pakiwa ni ukutani kweli, nafuu ya kudumu ni kukihamisha tena msimu ufaao ukifika.

Anayehamisha hidranja ya vichwa vikubwa asishangae pia maua yakibadilika rangi. Katika udongo wenye pH ya 5.5 au chini yake, aluminiamu hunyonyeka na maua huwa ya buluu; katika pH ya 6.5 na kuendelea huwa ya waridi, na katikati hapo hutokea zambarau au mchanganyiko. Aina nyeupe hazibadiliki hivyo. Huo si ugonjwa, na kwa watu wengine ni zawadi.

Majani yote yamedondoka

Kudondosha majani yote ndani ya wiki mbili au tatu kunatisha kuliko kunavyostahili. Kwangua gome. Kijani kikiwepo, tunza unyevu wa wastani na usubiri. Kumbuka kwamba mmea usio na majani hutumia maji kidogo sana, na wengi huuozesha wakati huu kwa kuuonea huruma.

Matawi yanakauka kuanzia ncha, mwezi baada ya mwezi

Kufa kwa taratibu, bila kunyauka kwa ghafla, mara nyingi kunatokana na kupandwa kwa kina kirefu. Shimo lilichimbwa refu, udongo laini ukarudishiwa chini, bonge likawekwa juu yake, na baada ya mvua kadhaa kila kitu kikadidimia. Gome la shina halikuumbwa kukaa ndani ya udongo wenye unyevu. Hulainika, huoza, na njia ya chakula kutoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi inakatika. Ndiyo sababu shimo linatakiwa liwe na kina kile kile cha bonge na upana wa mara mbili hadi tatu ya bonge, huku bonge likikalia udongo ambao haukuchimbuliwa.

Fukua shingo. Ikiwa imefukiwa kwa sentimita mbili au tatu, ondoa udongo uliozidi na usawazishe pembeni. Ikiwa imezama zaidi ya hapo, inua mmea mzima, nao ni upasuaji unaovumilika vizuri zaidi katika wiki za mwanzo kuliko mwaka unaofuata. Matandazo yaliyorundikwa juu ya shina huleta madhara yaleyale kwa mlango mwingine: tabaka la sentimita 5 hadi 8 ni jema kwa udongo, lakini liishie sentimita 5 au 10 kabla ya kufika kwenye shina. Mahali penye mchwa, matandazo makavu yaliyogusa shina la mmea uliodhoofika ni mwaliko kwao.

Kichaka kinacheza kikiguswa

Shikilia shina chini na ulisukume kidogo. Bonge zima likisogea ndani ya shimo, mizizi mipya inakatwa kila upepo unapovuma. Funga mti wa kuegemeza kwa utepe mpana na laini, ukiacha shina liyumbe kidogo juu, na uuondoe baada ya msimu mmoja wa ukuaji, maana utepe unaosahaulika hukaba shina.

Kiko hai lakini hakikui

Kichaka kinachosimama mwaka mzima bila kurefuka huenda bado kinajenga mizizi, na hilo halihitaji tiba. Lakini chunguza mambo mawili. Katika udongo wa mfinyanzi, sepeto hulainisha kuta za shimo zikawa laini na ngumu kama za chungu, na mizizi huzunguka humo bila kutoka, hasa mjaziaji akiwa amejaza shimo mboji tupu ambayo mizizi haina sababu ya kuiacha. Chomeka uma wa bustani kuzunguka shimo, nje kidogo ya ukingo wake, na uutikise ili kuvunja ukuta huo. Jambo la pili linahusu hasa waridi: waridi linalopandwa mahali palipotolewa waridi jingine lililokaa miaka mingi mara nyingi hudumaa. Lipeleke kwingine, au badilisha udongo hadi kina cha sentimita 45 hivi.

Afya ipo, maua hayapo

Hapa malalamiko huja mapema mno. Mmea unaojenga mizizi upya hauna akiba ya maua, na kichaka kikubwa kinaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kabla ya kurudi katika uchanuaji wake wa kawaida. Matumba yakitokea kisha yakadondoka kabla ya kufunguka, kama gardenia na hibiskasi zinavyozoea, angalia kama umwagiliaji unayumba kati ya ukavu na mafuriko. Kwa kichaka dhaifu napendelea kuyaondoa matumba ya msimu wa kwanza, ingawa najua si kila mtu ana moyo huo.

Msimu wa pili ukipita bila ua, tafuta chanzo. Kinachopuuzwa zaidi ni mkasi. Azalea, kamelia na aina nyingi za hidranja ya vichwa vikubwa hutengeneza matumba yake mapema, juu ya matawi ya msimu uliopita. Aliyeyakata matawi hayo ili kurahisisha kuhamisha alikata maua ya mwaka mzima. Hibiskasi, bogenvilia na waridi nyingi za siku hizi huchanua juu ya machipukizi mapya, kwa hiyo hazipati hasara hiyo. Kivuli kinafuata. Hibiskasi, bogenvilia na waridi vinataka jua la moja kwa moja la saa sita au zaidi kwa siku, na mti wa jirani uliokuwa mfupi wakati wa kuchagua mahali huenda umeshatanda. Naitrojeni ikizidi, huleta majani mengi mazito na maua machache, na si lazima iwe imetiwa kwa kichaka. Mbolea ya nyasi zilizo pembeni hufika kwenye mizizi vilevile. Bogenvilia ina tabia yake peke yake: mizizi yake ni dhaifu na bonge lake huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo hunyauka vibaya baada ya kuhamishwa, lakini ikishashika, maji mengi ndiyo yanayoizuia kuchanua. Iache ikauke kiasi kati ya mwagilio mmoja na mwingine.

Machipukizi yenye sura ngeni

Waridi na baadhi ya vichaka vingine huuzwa vikiwa vimebebeshwa juu ya shina la aina nyingine. Sehemu ya juu ikidhoofishwa na uhamisho, shina la chini hujitokeza kwa nguvu na majani tofauti. Kuhesabu vijani vya waridi, yaani vipande vinavyounda jani moja, ili kulitambua chipukizi la shina la chini, hakutoshi kuwa ushahidi. Fuata chipukizi hadi linakotokea, na likiwa linatoka chini ya kovu la kubebesha, ling'oe kabisa kutoka hapo badala ya kulikata, kwa sababu lililokatwa hurudi na wenzake.

Je, kifukuliwe tena?

Kwa kufukiwa kina na kwa maji yanayotuama, ndiyo, na haraka. Kwa mengine yote yaliyotajwa, kukihamisha mara ya pili ndani ya mwaka uleule ni kukata mizizi michache iliyokwisha kuota. Ikibidi kukihamisha baadaye, kama katika habari ya ukuta wa saruji, kata mizizi kwa sepeto kuzunguka kichaka miezi sita hadi kumi na miwili kabla, kwenye mstari ulio ndani kidogo ya bonge unalokusudia kuchimba, ili mizizi myembamba iote karibu na shina na isafiri pamoja nalo. Sehemu zenye baridi kali, subiri kichaka kilale baada ya kupukutisha majani, au uwahi kabla machipukizi hayajafunguka. Sehemu zenye misimu ya mvua, chagua mwanzo wa mvua, siku yenye mawingu, jioni.

Kichaka kisichoonyesha chochote juu kipewe muda mpaka msimu wa ukuaji unaofuata uwe umeanza kweli, huku kikikwanguliwa mara kwa mara kushuka chini. Kata tawi hadi ulipokutana na kijani, si zaidi. Kijani kikizidi kurudi nyuma kila unapopima, usisubiri kifike ardhini: chukua vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15 kutoka sehemu iliyo hai, ondoa majani ya chini, na uvichomeke katika mchanga wenye unyevu, kivulini. Hibiskasi na hidranja hushika mizizi kwa njia hii bila shida kubwa, mradi tawi lilikuwa bado na maji wakati wa kukatwa.